Cheche na Pikapu ya Kijani

Cheche alikuwa amejipinda chini ya dashibodi ya teksi ya watu, miguu nje, bisibisi mdomoni, wifi yake aliposimama mlangoni mwa karakana na kapu lake la sokoni.

"Wifi, umesikia lakini? Kaka yako pikapu anamwachia yule wa vyuma chakavu. Jumamosi anakuja kuikata."

Miguu ilitulia. Bisibisi ikatoka mdomoni.

"Kuikata vipi?"

"Vipande vipande, na mtungi wake wa gesi. Wameshapeana mikono."

"Ina nini?"

"Eti kompyuta imekufa. Mafundi wote wameshindwa."

Cheche akajivuta nje, akakaa kitako kwenye saruji, akamtazama wifi yake kutoka chini kwenda juu. "Mafundi wote wapi?"

Hapo wifi mtu akajua kakanyaga pabaya. Lakini neno likishatoka limetoka, naye hakuwa mtu wa kulitafuna. Akawataja: yule wa karibu na kituo cha mafuta, yule wa njia panda, na wa mwisho, kijana mwenye mashine ya kupimia magari, ile inayochomekwa chini ya usukani na kuandika ugonjwa kwenye kioo.

"Na amefikaje huko kote? Njia si hii hapa mlangoni kwangu?"

Wifi akahamisha kapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Alikuwa anazunguka kule nyuma, machimbo ya mchanga. Gari linavutwa kwa kamba."

Cheche alinyanyuka, akafuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono, akavuta mlango wa karakana. Mwenye teksi, aliyekuwa kakaa kwenye tairi akisubiri, akauliza kwa sauti ndogo kama gari lake liko tayari. Akajibiwa kwamba litakuwa tayari likiwa tayari.

Sasa, huyu Cheche si mtu wa kuzungukwa. Jina alilopewa na wazazi lipo, ila limebaki kwenye cheti tu. Hili la Cheche alilipata bado yuko shule ya msingi, siku alipochukua spana ya baba yake akailaza juu ya betri, chuma kikagusa nguzo zote mbili. Moto uliruka hadi kwenye nyusi. Watu walitegemea baba mtu atashika mkanda, maana enzi zile mtoto hakubembelezwa. Baba aliutazama mkono, akaona vidole vyote vipo, akamkalisha kwenye benchi.

"Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri," alimwambia. "Kama wewe ukitoka kwenda kisimani. Wewe umeuonyesha njia fupi ya kurudi, nao ukaja mbio. Ukiuzibia njia ya kurudi, hautakaa njiani kulia. Utapita hata kwenye nyumba za watu, na huko utavuruga kila kitu."

Kuanzia siku hiyo benchi likawa lake. Alimaliza darasa la saba, akarudi kwa baba yake kusuka waya za shaba kwenye stata na dinamo zilizoungua. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, mikono yake haikutaka waya. Yeye alitaka usukani. Baba alipofariki, wazee waligawa bila ugomvi: karakana kwa binti, pikapu kwa kaka. Na kaka mtu, akiwa amesimama mbele ya ukoo mzima, alisema mwenyewe, hakuna aliyemshurutisha: "Gari ni langu, lakini fundi wake ni dada yangu mpaka siku litakapokufa."

Maneno hayo Cheche aliyashika kuliko alivyoushika urithi wenyewe. Miaka yote wateja waliingia karakana wakamwona ameshika taa ya kupimia, wakamuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Yeye hujibu, "Amekwenda kuoga, msubiri," kisha anaendelea na kazi hadi mtu aone aibu. Hao aliwavumilia, maana ni watu baki. Lakini kaka aliyeapa mbele ya ukoo, azungukie machimbo, gari la marehemu baba likirushwa kwenye mashimo, ili tu asimwone dada yake? Njia nzima Cheche alikuwa anasema peke yake. Watu waliokutana naye walimpisha.

Nyumba ya mama yao, anakoishi kaka na mkewe, unaijua ukiwa bado mbali, kwa ile kijani. Geti la kijani, mabenchi ya kijani, madirisha ya kijani, hata kitanda cha chuma cha mama mwenyewe. Bibi yule anaichukia kutu kama watu wengine wanavyomchukia panya. Kila mwaka kabla ya mvua lazima rangi ipakwe, na anayo sheria yake, ambayo watoto wake waliinyonya pamoja na maziwa: hupaki kitu kikiwa kimefungwa. Bawaba zishuke, komeo lishuke, kila parafujo itoke. Ndipo upake, usubiri ikauke, kisha kila kitu kirudi mahali pake. Mtoto aliyepaka juu ya bawaba kwa uvivu alikwangua mlango mzima na kuanza upya, na chakula alikula baadaye.

Pikapu ilikuwa imesimama uani. Kaka mtu alikuwa kakaa juu ya tairi la akiba, anaondoa kamba kwenye pipa la maji ambalo gari lilikuwa likibeba kupeleka kwa wajenzi.

"Umezungukia machimbo," Cheche alisema. Hakusalimia.

Kaka akatazama viatu vyake. "Nani kakwambia?"

"Vumbi. Vumbi ndilo limeniambia."

"Cheche, kaa basi chini tuzungumze."

"Nikikaa nitakupiga. Sema nikiwa nimesimama."

Kaka akavuta pumzi. "Wewe una ukali. Mtu akileta gari kwako anagombezwa kabla boneti halijafunguka. Kwa nini umechelewa kulileta, nani kagusa hapa, nani kakufundisha kuendesha. Mimi nimeshapita umri wa kugombezwa."

"Na nikigombeza, gari haliponi?"

"Linapona. Ila mwenye gari anarudi nyumbani akiumwa."

Kutoka jikoni kicheko cha mama yao kilisikika, kikakatwa haraka.

"Ulisema nini siku ile tulipogawana urithi wa baba?" Cheche aliuliza.

"Nilisema mpaka siku litakapokufa. Sasa limekufa." Kaka akaitupa kamba chini. "Wajenzi wamepata mtu mwingine wa maji. Kila nikibeba mzigo linazima njia panda, watu wananipigia honi. Nimechoka kusukuma, dada. Acha liende."

Cheche akanyoosha mkono. "Funguo."

"Jumamosi mtu anakuja."

"Nimesema funguo."

Ilikuwa Alhamisi, jua limeshapinda. Alizungusha ufunguo, na pikapu ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kabisa, kama mtoto mtundu anavyotulia mgeni akiingia. Akawasha taa kubwa: injini ikaanza kukohoa. Akakanyaga breki taa zikiwa zinawaka: ikatetemeka, ikazima. Kwenye dashibodi ile taa ya injini ilikuwa inawaka na kuzima ovyo.

Kaka mtu alimweleza yaliyotokea. Kijana wa mashine alipima, mashine ikasema sensa ya hewa, yaani kipimo chake, ni mbovu. Ikabadilishwa. Kesho yake ikasema sensa ya mafuta. Ikabadilishwa. Mara ya joto, mara ya mkanyagio. Mwishowe kijana akasema kwamba kama sensa zote zinalalamika, basi mgonjwa ni yule anayepokea malalamiko, yaani kompyuta ya injini, kile kisanduku kilichofichwa nyuma ya droo ya dashibodi. Na cha pikapu ya zamani namna hii hakipatikani tena.

Cheche akafungua boneti. Ndani kulikuwa kumependeza kama kabati la vyombo. Bati lote kijani, hakuna tone la rangi kwenye mpira wala waya, nati zote zimekaza, zinang'aa. Aliyapitishia macho hayo yote haraka, maana alikuwa anatafuta kosa, na hapo hapakuwa na sura ya kosa. Kisha akaona tepu. Kijana wa mashine alikuwa amekata waya za sensa na kuziunga kwa kuzisokota, akazivisha tepu nyeusi mabonge mabonge, kama kidonda kilichofungwa na mlevi.

"Mwenye kosa huyu hapa," alisema. Damu ikampanda tena, na safari hii ilipata mahali pa kwenda.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla hata hajagusa waya, alikwenda kwanza kwa yule kijana. Alimkuta na wateja. Akampa vidonge vyake hapohapo, mbele yao: kwamba tepu ni ya kufungia maboksi, kwamba waya haisokotwi kama utambi, kwamba ameliua gari la marehemu halafu akaisingizia kompyuta. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, mashine yake imening'inia shingoni.

"Mama," alisema, "kuunga kwangu kubaya, nakubali. Lakini gari lilikuja kwangu linazima. Sikulizimisha mimi. Mashine inasoma inachoambiwa na kompyuta. Kompyuta ikidanganywa, na mimi nitadanganya."

"Utajua leo jioni nani anadanganya," Cheche alimjibu, akaondoka.

Alifungua tepu zote. Alikwangua kila waya, akaunga kwa risasi iliyoyeyushwa kwa moto, akavisha upya kama baba yake alivyomfundisha, waya mmoja baada ya mwingine, mgongo umepinda, jasho linaingia machoni. Hakula. Mama yake alimletea chai ikapoa juu ya bampa. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea alipokaa kwenye usukani, akawasha, akabonyeza taa, akakanyaga breki.

Ikazima.

Akajaribu tena. Ikazima tena.

Alikaa pale, mikono juu ya usukani, hasira yote imemjaa na haina pa kumwagika. Angeipeleka wapi? Kijana alikuwa amesema kweli. Kesho mtu wa vyuma anaingia na mtungi wake, na yeye ndiye atakayekuwa fundi wa mwisho kushindwa, tena mbele ya mama yake.

Wifi yake alikuwa ameketi kwenye ngazi anakunja nguo alizoanua. "Si mniulize na mimi," alisema bila kuinua kichwa, "ninayekaa hicho kiti cha pembeni kila siku."

"Nikuulize nini, wifi? Na wewe ni fundi?"

"Fundi si fundi, macho ninayo. Kaka yako akiwasha indiketa, ule mshale wa joto unacheza. Taa ikisema tik, na wenyewe unaruka. Tik, unaruka. Kama unasikia muziki. Nilimwambia, akasema ni uzee."

"Ni uzee," kaka mtu alisema kutoka kwenye benchi. "Kila kitu humo kinatikisika."

Cheche aligeuka polepole. "Unacheza pamoja na indiketa? Sawasawa na indiketa?"

"Haukosei hata kidogo. Ungeimba, ungekuwekea mapigo."

Akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akashusha mkono wa indiketa. Tik. Mshale wa joto ukapanda. Tik. Ukashuka, ukapanda. Injini ilikuwa ya baridi, hapakuwa na joto la kupima. Akawasha taa kubwa. Mshale ukanyanyuka wenyewe kama mtu aliyeitwa jina, ukabaki juu.

Ndipo akamsikia baba yake, kwenye benchi, na harufu ya nyusi zilizoungua. Ukiuzibia njia ya kurudi, utapita hata kwenye nyumba za watu. Umeme wa taa ulikuwa haupati njia ya kurudi kwenye betri, ukawa unapenya kwenye waya za jirani, kwenye mshale wa joto, kwenye sensa, kwenye kompyuta yenyewe. Ndiyo maana sensa zote zililalamika. Kila moja ilikuwa inaingiliwa na mgeni asiyealikwa.

Alitoka garini, hakufunga mlango. Akachukua ule waya mnene wa kuazimia moto betri likiwa limekwisha. Ncha moja akaibana kwenye nguzo hasi ya betri. Ncha nyingine akaisogeza kwenye bati, akaona ile kijani, akachukua bisibisi, akakwaruza hadi chuma cheupe kikatokeza, akabana hapo.

"Kaa kwenye usukani," alimwambia kaka yake. "Washa. Weka taa. Indiketa. Kanyaga breki. Piga na honi."

Injini ikanguruma. Taa zikatoa mwanga ambao gari lile halikuwa limeutoa tangu mvua zianze. Mshale wa joto ukalala chini, ukatulia. Kaka alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga, akapiga honi hadi kuku wa jirani wakatawanyika, na gari likaendelea kunguruma.

Hakuna aliyeshangilia, maana Cheche alikuwa ameshashika spana. Alifungua ile nati nzuri, inayong'aa, iliyobana waya wa ethi kwenye bati, ndio waya wenyewe wa kurudisha umeme kwenye betri. Akaunyanyua. Chini yake palikuwa kijani. Kijani safi, laini, kama sahani. Akafungua na ule wa injini. Kijani.

"Nani kapaka rangi humu?"

Kaka mtu alizima gari. "Mimi. Mama aliona kutu, kabla ya mvua." Kisha, kwa sababu ni mtoto wa nyumba ile, akaongeza kwa kujivuna kidogo: "Nilifungua kila kitu kwanza. Betri nilishusha, waya zote nikatoa, nati nikazisugua. Nikapaka mara mbili, nikaacha ikauke, ndipo nikarudisha."

Cheche alimtazama, spana mkononi. Laiti angepaka ovyo. Laiti angepitisha brashi juu ya waya na nati kama mvivu, chuma chini kingebaki kitupu na gari lingekuwa zima. Alichokifanya ni kuvisha koti kila mahali ambapo umeme ulitakiwa kugusa bati, na ukabaki unapenya kwenye meno ya bolti tu, kidogo kidogo, hadi mvua ikaja na kutu ikaumalizia. Na yeye Cheche, Alhamisi, aliziona nati zile akazipita, kwa kuwa ni kazi safi ya nyumbani kwao. Angepewa brashi yeye, angefanya hivyohivyo.

Hilo ndilo lililomkera kuliko machimbo.

Akachukua msasa akaanza kusugua. Mama yao alitoka jikoni, akaja na fimbo yake, akachungulia.

"Unanikwaruzia rangi."

"Mama, chini ya waya hapapakwi."

"Kutu itaingia."

"Nitapaka grisi juu ya waya nikishafunga."

"Grisi ina rangi gani?"

"Mama."

"Nauliza tu. Isijepoteza sura."

"Mama, rangi yako hii ndiyo imelizimisha gari la baba. Wewe na mwanao na usafi wenu."

Bibi alikita fimbo mbele yake. "Usafi wetu," alisema, "na wako. Mlango wa karakana yako uliupaka vipi?" Akarudi jikoni, na Cheche akasugua kwa nguvu kuliko chuma kilivyohitaji.

Mtu wa vyuma chakavu alifika Jumamosi asubuhi na mkokoteni, mtungi na miwani yake ya giza. Pikapu ilikuwa uani inanguruma, taa zote zinawaka mchana kweupe.

"Nimekuja kuchukua maiti," alisema, "naikuta inapumua."

Kaka mtu alisogea, akasita. Walikuwa wamepeana mikono, na aibu hiyo ilimwelemea. Cheche aliegemea geti, mikono kifuani, hakumsaidia kwa neno hata moja. Alisubiri kusikia.

"Ndugu yangu," kaka alianza, "nilikwambia limekufa. Nilisema bila kumuuliza mwenye kujua. Fundi wa hili gari ni dada yangu, na mimi nilimruka. Kama utakasirika, kasirika na mimi."

Mtu wa vyuma alimtazama kaka, akamtazama Cheche, akaona uso ule. "Mimi nikasirike wapi," alisema, "mbele ya huyu? Nipeni hata maji nirudi zangu."

Siku hiyohiyo Cheche alimwamuru kaka yake amfikishe kwa kijana wa mashine. Hakushuka garini. Alimwita dirishani.

"Gari ulilikuta linazima. Ulisema kweli, na mimi nilikutukana mbele ya wateja wako. Maneno hayo nayafuta."

"Haya, mama. Yameisha."

"Hayajaisha. Tepu yako bado mbaya. Njoo karakana nikuonyeshe kuunga waya, na uje na hiyo mashine yako nione inavyoandika."

Wiki iliyofuata kazi ilikuwa nyingi. Cheche alikuwa ndani ya boneti la mtu mwingine aliposikia mngurumo anaoujua unakuja kwa njia ya mbele, mzigo wa maji nyuma, sauti nzito isiyo na kikohozi. Ukapunguza mwendo, ukasimama mlangoni. Honi ikalia.

Alitoa kichwa. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye usukani, mkono umening'inia dirishani, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimeona tu nisimame."

"Kama hakuna kitu, ondoka. Unanizibia mlango."

Kaka akacheka, akatia gia. Indiketa ikawaka, tik, tik. Cheche alikwishainama tena kwenye kazi, lakini mkono wake ulisimama, na alisikiliza hadi pikapu ilipoingia barabarani na kupotea.